Kurekebisha vipimo vya volteji visivyo sahihi kwenye Arduino Uno

Arduino Uno ni bodi ndogo ya kielektroniki inayosoma sensa kwa kutumia programu. Mfano wetu ni sensa ya joto ya LM35, ambayo hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi.

Hatua ya 1: Pima kwa multimita kabla ya kugusa programu. Ncha nyekundu iwe kwenye A0 (pini inayopokea volteji ya sensa), nyeusi kwenye GND (pini ya volti 0) ya bodi yenyewe. Ikiwa multimita inaonyesha milivolti 250 katika chumba chenye nyuzi 25, sensa ni nzima na kosa liko kwenye usomaji.

Hatua ya 2: Hakikisha GND ya sensa inarudi kwenye bodi kwa waya wake, bila kupitia waya wa pampu au mota.

Hatua ya 3: Chunguza volteji ya rejea. Hapa ndipo watu wengi hupoteza siku nzima wakibadilisha sensa isiyo na hatia. Uno haipimi volteji moja kwa moja, bali hulinganisha kinachoingia na volteji ya rejea, kisha hutoa namba kati ya 0 na 1023. Usipoagiza vinginevyo, rejea hiyo ni umeme uleule unaoendesha bodi, na programu nyingi huuchukulia kuwa volti 5 kamili. Pima pini ya 5V bodi ikiwa kwenye USB: ukikuta volti 4.6, zile milivolti 250 zitasomwa kama 55, na hesabu ya volti 5 itakupa karibu nyuzi 26.9.

Kuandika 4.6 kwenye programu si tiba, kwa kuwa ukibadilisha chaja au kebo namba hiyo nayo hubadilika. Kwa LM35 napendelea kabisa analogReference(INTERNAL), inayotumia rejea ya ndani ya volti 1.1, hivyo kila hatua ya usomaji hushuka kutoka takriban milivolti 4.9 hadi 1.1. Hata hivyo, rejea hiyo hutofautiana kati ya chipu na chipu, kuanzia volti 1.0 hadi 1.2, kwa hiyo pima pini ya AREF (pini ya volteji ya rejea) programu ikiwa inasoma, uandike namba uliyoipata. Usomaji wa mwanzo baada ya kubadili rejea utupwe. Kwenye bodi ya Arduino Mega andika INTERNAL1V1. Usiunganishe kamwe volteji ya nje kwenye AREF wakati rejea ya ndani inatumika, kwani unaweza kuiharibu chipu. Potenshiomita (rezista inayobadilishwa kwa kuzungusha) inayolishwa na 5V ya bodi iache kwenye rejea ya kawaida, maana volteji yake hupanda na kushuka pamoja na rejea, na uwiano haubadiliki.

Hatua ya 4: Namba zikiendelea kurukaruka, weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya A0 na GND, karibu na bodi; kwa LM35 weka pia rezista ya kilo-omu 2 kati ya sensa na A0, kwa kuwa sensa hiyo haimudu kapasita kubwa moja kwa moja. Ikiwa unatumia rezista mbili kugawa volteji, chagua thamani ndogo, kwa sababu chipu hii inataka chanzo kisichozidi kilo-omu 10. Kutafuta wastani wa vipimo kwenye programu kuje baada ya haya yote, kwa kuwa wastani hutuliza namba bila kusahihisha rejea.