Jinsi ya kuwafundisha watoto mji wa Thika

Nimefundisha jiografia hapa Thika kwa muda mrefu, na mzazi au mwalimu akiniuliza aanzie wapi, jibu langu ni moja: usianzie stendi wala barabara kuu. Anzia mtoni.

Wapeleke watoto Blue Posts, hoteli iliyojengwa mwaka wa 1908. Upande mmoja kuna maporomoko ya Chania, upande wa pili ya Mto Thika, na mbele kidogo mito hiyo inakutana. Maji haya yanatoka milima ya Nyandarua. Mpe kila mtoto jani alitupe majini, kisha uliza litafika wapi. Wengi watasema Nairobi, kwa sababu ndiko matatu zinakoenda. Fungua ramani, wafuate kwa kidole: Thika inaingia Tana, na Tana inaingia baharini Kipini. Wadogo washikwe mkono, maana mawe yanateleza.

Sasa waulize kwa nini mji ulikaa hapa. Aliyetoka Nairobi kwenda Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, alilazimika kuvuka mito hii, kwa hiyo hapa palikuwa pa kupumzika. Walowezi walipochukua ardhi na kupanda mkonge na kahawa, walitaka usafiri wa mazao, na reli ikafika mwaka wa 1913. Tembeeni kutoka stesheni hadi eneo la viwanda. Maji, reli na Nairobi iliyo karibu ndivyo vilivyoleta viwanda vya nguo, mafuta ya kupikia, kuunganisha malori na kusindika mananasi. Usiwape orodha ya kukariri. Wanuse, wasikie ving'ora, waone zamu zikibadilishana.

Kisha warudi nyumbani na maswali mawili kwa babu na nyanya: mlitoka wapi, na kazi ya kwanza ilikuwa ipi? Mitaa ya Makongeni na Kiandutu imejaa majibu ambayo hayamo kitabuni. Yaandikeni juu ya ramani ileile.

Maporomoko ya Fourteen Falls yanahitaji siku yake. Pandeni gari linalopita barabara ya Garissa, na njiani waonyeshe mlima wa Kilimambogo, wenye urefu wa mita 2,145. Hapa mto ni Athi, si Thika, na jani likitupwa litatokea baharini Sabaki, karibu na Malindi. Miji miwili ya pwani mbali kabisa, na mito iko mwendo mfupi tu kwa gari! Waache walishangae hilo.

Wataona pia povu na plastiki. Usiwafiche. Nairobi inakunywa maji ya Mto Thika kutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka wa 1994, na uchafu wake unashuka kwa mito yake hadi Athi. Linaniuma kila nikilieleza, na naona mtoto wa darasa la sita analielewa haraka kuliko sisi wakubwa.

Barabara kuu ya kwenda Nairobi iache mwisho. Tangu izinduliwe mwaka wa 2012, watu wengi wanalala Thika na kufanya kazi Nairobi. Mkienda upande wa Juja na Ruiru, kila mtoto akae dirishani na penseli, aweke alama mahali palipobaki kahawa na mahali palipoota maghorofa. Mwaka ujao mpe darasa linalofuata ramani hiyohiyo.