Somo: Jinsi fikra za mtoto zinavyokua, na namna ya kuzifuatilia hatua kwa hatua

Ndugu wazazi na walimu, karibuni. Somo hili linajibu swali ninaloulizwa mara nyingi: mtoto anaanza kuelewa jambo kwa sababu amekomaa, au kwa sababu amefundishwa? Msimamo wangu ni huu: ukomavu ndio unaoamua mtoto ataweza kuelewa nini kwa sasa, na uzoefu ndio unaoujenga uelewa huo. Tena uzoefu unaojenga ni ule ambao mtoto anaufanya kwa mikono na kichwa chake mwenyewe. Kazi yetu ni kujua amefika wapi, halafu kumpa cha kufanya kinachomfaa papo hapo alipofika.

Hatua ya 1: Tenganisha kinachosubiri umri na kinachosubiri uzoefu

Mwaka 1929, Arnold Gesell na Helen Thompson wa Marekani waliwafuatilia pacha wawili wa kufanana. Mmoja alifundishwa kupanda ngazi kila siku kwa wiki 6, kuanzia akiwa na umri wa wiki 46. Mwenzake aliachwa hadi wiki ya 53, kisha akafundishwa kwa wiki 2 tu. Muda si mrefu wakawa sawa. Yule wa kwanza hakupata faida ya kudumu kwa kuwahishwa.

Wapo wanaosikia habari hiyo wakahitimisha kwamba basi tukae tu, mtoto atakua. Hapana. Huko Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi. Walilishwa na kuvishwa, ila watu wa kuongea nao, kuwajibu na kucheza nao walikuwa wachache mno. Baadhi walipelekwa kwenye familia za malezi, na kwa jumla waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka 2 walinufaika zaidi kiakili kuliko waliochelewa. Miaka ilikuwa inasonga na ubongo unakomaa, lakini haukuwa na cha kufanyia kazi. Kwa hiyo kumharakisha mtoto hakusaidii sana, na kumwacha bila kitu kunamuumiza sana. Ukilazimika kukosea, kosea kwa kumpa mazungumzo na michezo kupita kiasi.

Hatua ya 2: Jua yuko kipindi gani

Hapa tunamtegemea mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi (1896–1980), aliyechunguza fikra za watoto. Alipokuwa Paris akisimamia majaribio ya akili kwa watoto wa shule, kilichomvutia ni majibu yaliyokosewa: watoto wa rika moja walikuwa wakikosea kwa namna inayofanana. Hapo akaona kwamba kosa la mtoto lina mantiki yake.

Aligawa vipindi vinne. Tangu kuzaliwa hadi miaka 2 hivi, mtoto anafikiri kwa kushika, kunyonya, kurusha na kutazama. Miaka 2 hadi 7 ana maneno, picha na michezo ya kuigiza, lakini anachukuliwa na kile anachokiona. Miaka 7 hadi 11 anapanga mambo kwa mantiki, ilimradi yahusu vitu halisi. Kuanzia 11 au 12 anaanza kuwazia yasiyokuwepo: tuseme ingekuwa hivi, ingefuata nini? Umri huo ni wa kukadiria. Usimpime mtoto wako kwa kalenda.

Hatua ya 3: Mpe jaribio dogo, kisha sikiliza sababu zake

Hii ndiyo hatua ninayowaomba msiiruke.

Chukua glasi mbili zinazolingana, utie maji sawasawa. Mwulize mtoto wa miaka 4 au 5 kama yamelingana. Akikubali, mimina maji ya glasi moja kwenye chombo chembamba na kirefu, yeye akitazama. Uliza: "Sasa je? Yako sawa, au upande mmoja yamezidi?" Mara nyingi atakuonyesha chombo kirefu. Mwulize kwa nini, atakwambia: "Yamepanda juu." Sasa uliza la muhimu zaidi: "Tukiyarudisha kwenye glasi yake itakuwaje?" Wapo watakaokujibu vizuri kabisa kwamba yatafika palepale, na bado watang'ang'ania kwamba kwenye chombo kirefu yamezidi. Hayo mambo mawili yanakaa kichwani mwake bila kukutana. Anaona urefu, hajaweza kuuweka pamoja na wembamba.

Karibu na miaka 6 au 7 majibu yanabadilika: "Hujaongeza wala hujapunguza," au "Kimerefuka lakini ni chembamba." Katikati ya vipindi hivyo yupo mtoto anayesitasita, anayesema yamezidi, kisha anakunja uso, kisha anasema hapana. Huyo ndiye wa kukaa naye zaidi. Usimsahihishe. Mpe vyombo vingine amimine mwenyewe.

Jaribio la pili ni mistari miwili ya vizibo vya chupa, sita kwa sita. Tandaza mmoja uwe mrefu, uone kama atasema vimeongezeka. Hapa kuna tahadhari. Mwaka 1974, James McGarrigle na Margaret Donaldson waligundua kwamba mstari ukivurugwa na kidubwana cha kuchezea, kama vile kwa bahati mbaya, watoto wengi zaidi walijibu sahihi. Maelezo yao ni haya: mtu mzima anapovivuruga vitu kwa makusudi na kuuliza swali lile lile mara ya pili, mtoto anadhani anatakiwa kubadili jibu. Kwa hiyo fanya liwe mchezo, na usimkazie macho kama mtahini.

Hatua ya 4: Mwachie afanye mwenyewe

Mwaka 1963, Richard Held na Alan Hein waliwafunga paka wachanga wawili wawili kwenye mtambo unaozunguka. Mmoja alitembea kwa miguu yake, mwingine alibebwa kwenye kikapu. Wote waliona mambo yale yale. Aliyetembea alijua kupima kina kwa macho, aliyebebwa alishindwa, hadi alipoachiwa kutembea huru kwenye mwanga. Kuona tu hakukutosha.

Huko Mexico, utafiti wa mwaka 1969 ulionyesha kwamba watoto wa wafinyanzi waliwazidi wenzao kuelewa kuwa donge la udongo halibadiliki wingi hata likibadilishwa umbo. Mikono yao ilikuwa imeshaufinyanga udongo mara nyingi.

Piaget alitofautisha uzoefu wa aina mbili, nami napenda sana tofauti hiyo. Mtoto akiinua jiwe akajua ni zito, amejifunza jambo lililomo ndani ya jiwe. Lakini akizihesabu kokoto kumi zikiwa mstari, akazihesabu tena kutokea mwisho, akazipanga duara akapata kumi tena, amegundua jambo ambalo halimo ndani ya kokoto yoyote. Limo katika kitendo chake cha kupanga na kuhesabu. Hesabu nyingi za utotoni zinazaliwa hapo, na ndiyo maana kuimba moja hadi mia hakumaanishi kwamba anajua idadi.

Hatua ya 5: Mkwamishe kidogo, msaidie kidogo

Mtoto huingiza jambo jipya kwenye mawazo aliyonayo. Likikataa kuingia, hulazimika kuyabadili mawazo. Anayeamini kwamba kitu kizito huzama, mpe ubao mkubwa na msumari mdogo, na beseni la maji. Mwambie akisie kwanza, ndipo aviweke majini. Kisha nyamaza. Ule ukimya wake akiutazama ubao unaelea ni kazi kubwa ya akili, tusiukatize kwa maelezo.

Akikwama kabisa, saidia kwa swali moja. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky (1896–1934) alifundisha kwamba anachoweza mtoto leo kwa msaada, kesho atakiweza peke yake, na eneo hilo la katikati ndilo la kufundishia. Jambo analoliweza tayari halihitaji somo, na lile asiloliweza hata kwa msaada liache kwanza.

Hatua ya 6: Andika

Tarehe, swali, maneno yake hasa. Rudia baada ya miezi michache.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Binti yangu wa miaka 5 nilishamfundisha kwamba maji hayabadiliki na sasa anajibu sahihi kila mara. Ina maana ameelewa?

Jibu: Mjaribu kwa njia mbili, mama. Badilisha kitu: chukua madonge mawili ya udongo yanayolingana, moja ulikunjue liwe kama nyoka. Halafu mpinge kwa upole: "Kuna mtoto aliniambia huku pamezidi kwa sababu ni parefu, unamwambiaje?" Aliyeelewa atatoa sababu na atashikilia msimamo. Aliyekariri atayumba. Akiyumba usimkaripie, amekuonyesha tu kwamba muda wake haujafika.

Swali: Mwanangu ana miezi 9. Nikificha mpira chini ya kitambaa cha kushoto anaupata. Nikiuhamishia kulia mbele ya macho yake, bado anatafuta kushoto. Ana shida ya kumbukumbu?

Jibu: La, ndugu yangu, ni jambo la kawaida kati ya miezi 8 na 12. Mkono umeshazoea kushoto, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia kitendo tulichokizoea, bado ni changa. Tena watoto wanajua zaidi ya mikono yao inavyoonyesha. Mwaka 1985 Renée Baillargeon na wenzake walionyesha kwamba watoto wa miezi 5 hukitazama kwa muda mrefu zaidi kioja cha ubao unaoonekana kupita mahali penye kisanduku kilichofichwa nyuma yake, kana kwamba wanajua kisanduku bado kipo. Hapo Piaget aliwapunja watoto.

Swali: Mjukuu wangu wa miaka 3 nikimuuliza kwenye simu kama amekula, anatikisa kichwa tu. Wazazi wanasema ni mkaidi.

Jibu: Hata kidogo, bibi. Kwake yeye, anachokiona ndicho unachokiona. Kuelewa kwamba mwingine anaweza kuwa na picha tofauti kichwani huja karibu na miaka 4, na mazungumzo kama hayo yenu yanausaidia. Mwambie: "Bibi hakuoni, niambie kwa mdomo."

Swali: Kaka, mdogo wangu ana miaka 15, anajenga hoja kama mwanasheria, lakini akiwa na wenzake anafanya mambo ya hatari. Hizo fikra zake ziko wapi?

Jibu: Zipo. Ila sehemu za ubongo zinazosaidia kujizuia huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya 20, na mbele ya marafiki mvuto wa msisimko huwa mkubwa. Ongea naye mapema, kukiwa kimya, kuhusu hali halisi: "Wakikwambia upande pikipiki yao, utajibu nini?"

Swali: Lini nisisubiri ukomavu tena?

Jibu: Mpeleke kwa daktari wa watoto kama hatamki hata silabi za kitoto akifika miezi 12, hana neno hata moja kwa miezi 16, au haungi maneno mawili yake mwenyewe kwa miezi 24. Na kwa umri wowote, akipoteza maneno au uchangamfu aliokuwa nao, nenda upesi. Omba masikio yapimwe pia. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana kama asiyeelewa.