Pima kabla hujaruka: njia ya mwanamke kwenye vikwazo vya runinga

Wasichana wanaokuja kufanya mazoezi kwangu huanza karibu wote na swali lile lile: "Kocha, nijivute mara ngapi kwenye bomba ndipo niwe tayari kwa mashindano ya vikwazo ya runinga?" Huwa silijibu siku hiyo. Nampa msichana kipande cha chaki, asimame ukutani, anyooshe mkono juu na achore mstari pale vidole vinapoishia. Kisha ananyoosha mikono pembeni, tunapima toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Namba hizo mbili zinakaa ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Zangu ni mita 1.95 na mita 1.52, maana nina urefu wa sentimita 154. Yote nitakayokueleza hapa, mdogo wangu, yanaanzia kwenye namba hizo.

Mchezo huu wa runinga ulianzia Japani mwaka 1997, kwa jina la Sasuke. Marekani wakaanza American Ninja Warrior mwaka 2009. Wajapani walikuwa na mashindano ya wanawake peke yao, Kunoichi, ambayo Ayako Miyake aliyashinda mara tatu mfululizo. Lakini kwenye mashindano ya Marekani mwanamke na mwanamume wanapita njia moja: ukuta ule ule, umbali ule ule, maji yale yale chini. Hakuna anayekusogezea bomba kwa sababu mikono yako ni mifupi. Ndiyo maana nasema upime kwanza.

Ukitaka kuelewa ninachomaanisha, tazama mbio tatu za Kacy Catanzaro za mwaka 2014, na uzitazame kwa mfuatano. Kacy alikuwa mwanajimnastiki wa chuo kikuu cha Towson, na ana urefu wa sentimita 152 hivi. Dallas, kwenye mchujo, akawa mwanamke wa kwanza kuupanda ule ukuta uliopinda wakati wa mashindano. Akarudi kwenye fainali za jiji, akamaliza njia yote kwa karibu dakika 9, na hapo pia hakuna mwanamke aliyewahi kumtangulia. Mimi nililia. Kisha tazama Las Vegas, kwenye fainali za taifa, Hatua ya Kwanza, kwenye kikwazo cha kuruka toka trampolini na kujibana katikati ya kuta mbili kwa mikono na miguu. Akaanguka majini. Mwanamke yule yule, msimu ule ule, nguvu zile zile. Ukuta wa Dallas uliuliza mbio na moyo, na alikuwa navyo. Kuta mbili za Las Vegas ziliuliza upana wa mwili.

Kwa hiyo zoezi la kwanza si la misuli. Chukua video ya kikwazo, isimamishe, ujiulize: hapa wanataka urefu, upana, kasi, au uvumilivu wa vidole? Kisha fungua ule ukurasa wa kwanza.

Tuanze na ukuta, kwa sababu ndio unaowatisha wengi. Kwa miaka mingi ulikuwa na futi 14, baadaye ukaongezwa kidogo, na leo uko karibu mita 4.4. Mwanamume wa mita 1.85 akinyoosha mkono anafika kama mita 2.40, hivyo anabakiwa na mita 2 za kupanda. Mimi nabakiwa na mita 2.45. Hizo sentimita 45 siwezi kuzitafuta kwenye mikono. Natakiwa kuzitoa kwenye mbio.

Kosa ninaloliona kila wiki ni kuufikia ukuta kwa hofu: msichana anapunguza mwendo hatua mbili kabla ya mkunjo, halafu anajirusha mikono mbele. Mikono ikitangulia, kiuno kinabaki nyuma, miguu inateleza, anashuka kwa magoti. Fanya hivi. Weka alama ya chaki pale mguu wako wa kwanza unapotakiwa kukanyaga, mwanzoni kabisa mwa mkunjo. Kimbia ukiitazama kingo ya juu. Usiilalie sakafu ya ukuta. Mwili usimame kwa kuufuata mkunjo, kana kwamba ardhi ndiyo imeinuka na wewe bado unakimbia. Hatua ya mwisho ni ya kusukuma kwenda chini, kwa nguvu, na mkono unyooshwe baada ya msukumo huo, wala si kabla. Wanawake waliotoka kwenye riadha hulishika jambo hili haraka. Jessie Graff, mshindani mwingine wa Marekani, aliwahi kuruka kwa upondo, na upondo ni somo zima la kugeuza mbio kuwa kimo.

Zile kuta mbili za kujibana ndizo nilizoziumia kichwa zaidi. Mfupi anafikiri tatizo ni kuruka mbali, naye anajirusha mbele kama mshale. Akifika, mikono na miguu bado iko katikati, na ukuta unampita. Fungua mikono na miguu ukiwa ungali hewani. Kwenye trampolini tua kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa magumu kidogo. Ukikunja sana, kitambaa kinameza nguvu yako. Ukishagusa kuta, sukuma nje, na usikome kusukuma hata ukisogea. Tafuta korido ambayo ni nyembamba kuliko upana wa mikono yako, jibane humo, tembea mbele hatua 10 na kurudi. Mapaja yatatetemeka. Fanya mara mbili kwa wiki, miezi mitatu, halafu ndipo uongeze trampolini.

Sasa kuning'inia. Ndiyo, utajivuta kwenye bomba, lakini kabla ya hapo jifunze kukaa juu yake. Ning'inia mabega yakiwa yameshikwa, yaani uyavute chini kidogo yasizibe masikio. Anza na sekunde 20, pumzika, rudia mara tano. Ukifika dakika moja bila kulegea, anza kuning'inia kwa mkono mmoja huku wa pili ukiutikisa. Hayo matikiso ya sekunde mbili ndiyo yanayowapa wapanda miamba uhai. Meagan Martin, naye mshindani wa Marekani, alitoka kwenye kupanda miamba, na mwaka 2014, msimu wake wa kwanza kabisa, aliupanda ukuta huko Denver. Tazama anavyopumzika mahali ambapo wengine wanaharakisha.

Usiende mbio na jambo hili. Misuli hupata nguvu baada ya wiki chache, lakini kano za vidole na viwiko zinachukua miezi mingi. Ukijisikia una nguvu ya ghafla, kano zako bado ziko nyuma. Nasema kwa uchungu: niliwahi kuruka toka bomba hadi bomba nikalidaka kwa mkono ulionyooka kabisa, bega likachanika, nikakaa miezi minne bila kushika kitu. Kocha niliyekuwa naye wakati huo aliniambia nirudi baada ya wiki mbili. Nilimsikiliza, na kosa hilo lilinigharimu msimu mzima. Daka bomba viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo, ili mkono uwe na mahali pa kupokelea uzito. Na uachie bomba la nyuma pale mwili unapofika kileleni mwa bembea, ile nusu sekunde unayojihisi huna uzito. Ukiachia mapema unaenda chini. Ukichelewa unaanguka mgongo.

Ngozi ya viganja itunze kama kifaa. Sugu zikivimba zisugue kwa jiwe la kusugulia miguu ukitoka kuoga, zibaki bapa. Sugu iliyoinuka ndiyo inayochanika, na kiganja kilichochanika hakishiki kitu kwa wiki nzima.

Kuna jambo ambalo makocha wengi wa kiume hawaligusi. Katika mchezo wa kubeba mwili wako mwenyewe, utashawishika kula kidogo ili uwe mwepesi. Usifanye hivyo. Hedhi ikikatika kwa miezi mitatu, nenda kwa daktari na upunguze mazoezi. Ni ishara kwamba mwili haupati chakula cha kutosha, na mifupa ndiyo inayolipa. Nimemwona msichana mwenye kipaji kuliko wote niliowafundisha akivunjika mfupa wa mguu kwa kuruka kwa kawaida tu. Tangu hapo naliuliza swali la hedhi wazi, kila mwezi, na simwonei mtu aibu.

Kuhusu kuingia kwenye runinga yenyewe: unajaza fomu kwenye mtandao na kutuma video fupi. Kwenye video onyesha mwili ukifanya kazi, kisha ueleze wewe ni nani. Watayarishaji wanatafuta mtu atakayetazamwa, na huwezi kulikwepa hilo. Eleza maisha yako kwa ukweli, usijitungie majonzi. Tangu 2021 Marekani wanapokea kuanzia miaka 15, na watoto wa miaka 9 hadi 14 walipata mashindano yao wenyewe mwaka 2018. Mwaka 2017 ulileta badiliko ambalo wanawake walilihitaji sana: wanawake watano bora wa mchujo walivuka kwenda fainali za jiji hata kama hawakuwa ndani ya orodha ya jumla. Kuna waliolipinga. Mimi naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu kikwazo cha pili hujifunzi kama hujawahi kukifikia.

Jiandae kwa usiku. Upigaji picha huanza giza likiingia na kuendelea mpaka karibu alfajiri, na zamu yako inaweza kuja saa tisa usiku, mwili ukiwa umepoa. Fanya mazoezi kadhaa saa hizo, ujue tumbo lako linavyokubali chakula. Hutaruhusiwa kugusa kikwazo kabla, utaonyeshwa tu. Hapo ndipo macho yako yaliyozoea kupima yanapofanya kazi.

Usiache kazi. Allyssa Beird alikuwa mwalimu wa darasa la tano alipomaliza Hatua ya Kwanza ya Las Vegas mwaka 2017, mwanamke wa pili kufanya hivyo. Wa kwanza alikuwa Jessie Graff, mwaka mmoja kabla, na riziki yake ilikuwa kuigiza matukio ya hatari kwenye filamu na tamthilia. Kacy aliingia kwenye mieleka ya WWE. Kwenye runinga unaweza kuonekana dakika tatu kwa mwaka mzima, hivyo tafuta mashindano mengine ya kukuweka sawa, kama yale ya World Ninja League. Na sasa mlango mwingine umefunguka: baada ya Paris 2024, pentathloni ya kisasa, ule mchezo wa Olimpiki unaounganisha michezo mitano, imeacha kuruka viunzi kwa farasi na kuweka vikwazo mahali pake, kwa hiyo Los Angeles 2028 vitakuwa ndani ya Olimpiki. Huko ni mbio za kasi tupu, chini ya dakika moja kwa wazuri, na hakuna anayekuuliza hadithi ya maisha yako.

Ukianguka, na utaanguka, toka majini, jifute, tafuta daftari kabla ya simu. Andika mguu wako wa mwisho ulikanyaga wapi, mkono upi ulitangulia, macho yalikuwa yanatazama nini. Andika usiku huo huo, maana asubuhi utakuwa umeshajitungia sababu. Daftari langu lina kurasa 11 juu ya kikwazo kimoja, na kwenye ukurasa wa 12 nimechora mstari wa chaki mahali papya pa kukanyaga, sentimita 20 nyuma ya pale nilipokuwa nikikanyaga miaka yote.