Jinsi ya kushuka kwenye gari bila kupigwa shoti

Ile shoti ya mlangoni jamani. Umeshasimama nje, unageuka kufunga mlango, kidole kikikaribia tu bodi ya gari, paa! unaruka, na kama kuna giza hata cheche yenyewe unaiona. Wengi wakishapigwa mara mbili tatu wanaanza kulaumu gari, mara betri inavujisha, mara kuna waya umechubuka unagusa bodi, wanapeleka kwa fundi na fundi naye anafungua vitu weee haoni kitu. Wala hataona. Betri ya gari la kawaida ni volti 12, hiyo ukigusa vichwa vyake vyote viwili kwa mikono mikavu husikii chochote, kwa hiyo shoti ya namna hii haitoki huko. Mwenye umeme ni wewe.

Iko hivi. Ukikaa kwenye siti, nguo zako na kava ya siti vinagusana na kusuguana safari nzima, na vitu viwili tofauti vikigusana hivyo elektroni zinahama kutoka kimoja kwenda kingine, kimoja kinabaki na chaji chanya na kingine hasi. Ukiwa bado umekaa hamna neno maana chaji hizo ziko jirani, zinavutana na kutulizana. Balaa linaanza unapoinuka. Siti inabaki na chaji yake, we unaondoka na ya kwako, na kadiri unavyoachana na siti ndo volti zinavyopanda mpaka zinafika maelfu, elfu 5, elfu 10, hata zaidi hewa ikiwa kavu sana. Shoti ya chini ya volti elfu 2 hivi mtu hata haisikii, kwa hiyo ukiisikia ujue ushavuka huko. Halafu viatu vyako vina soli ya raba au plastiki, chaji haina pa kushukia ardhini, inakaa mwilini inasubiri chuma cha kwanza utakachogusa, na chuma cha kwanza karibu kila siku ni mlango.

Elfu 10 inatisha kuisikia ila umeme wenyewe ni kiduchu mno na unaisha hata kabla hujashtuka vizuri. Hauui, unauma na kuudhi basi. Isipokuwa sheli, huko ni habari nyingine na nitafika.

Sasa dawa. Ni moja na ni ya bure: shika chuma cha gari KABLA hujainuka kwenye siti, na usikiachie mpaka miguu yote miwili iko chini na makalio yameshaachana na siti kabisa. Hiyo tu. Chaji inapotaka kujikusanya inapita mkononi polepole kwenda kwenye bodi, haipati nafasi ya kupanda kufika maelfu, na kwa sababu ngozi yako tayari imegusana na chuma hakuna pengo la hewa la kuruka cheche. Watu wengi wanachofanya ni kinyume chake, wanatoka mikono mitupu wakishikilia simu na mkoba, wakishasimama ndo wanagusa, na hapo kila kitu kimeshajaa.

Swali linakuwa ushike wapi, maana magari ya siku hizi ndani ni plastiki tupu. Mpini wa ndani wa mlango mara nyingi ni plastiki hata kama unang'aa kama chuma, usikudanganye ule. Fungua mlango, angalia kwenye nguzo ya gari nyuma ya bega lako, utaona kipande cha chuma kimepinda kama herufi U kimefungwa kwa boliti mbili, ndicho ambacho komeo la mlango linakikamata ukifunga. Kile hakijapakwa rangi na kimekaa moja kwa moja kwenye bodi, ni kizuri kuliko vyote. Kama hukifikii bila kujipinda, shika ukingo wa chuma wa mlango au wa fremu, hata wenye rangi unasaidia, ila chuma kitupu ni bora. Na iwe ngozi kwa chuma, ukishika kupitia mkono wa sweta au glavu hujafanya kitu. Abiria anayekaa kando ya mtoto amwangalie vidole, asije akaweka mkono hapo kwenye komeo mwingine akabamiza mlango.

Mwanzoni utasahau, ni kawaida, mwili umezoea kutoka vile ulivyozoea. Ukishajikuta umesimama nje na hujashika kitu, usiguse kwa ncha ya kidole, huko ndo kuna neva nyingi. Toa ufunguo au sarafu, ikamate kwa nguvu kwenye vidole, halafu gusisha ncha yake kwenye chuma. Cheche itaruka kati ya ufunguo na gari, unaweza hata kuisikia inalia tik, ila wewe huumii maana umeme umepita kwenye ngozi nyingi kwa mara moja badala ya kutoboa sehemu moja. Rimoti za plastiki hazifanyi kazi hii, tafuta ile sehemu ya chuma. Huna chochote? Tumia kiwiko, kitauma kidogo kuliko kidole. Na kama unampokea mtoto anayeshuka, kwanza ashike gari yeye na we ushike, ndo mshikane mikono, la sivyo mnapigana shoti nyie wawili na atalia.

Ukitaka kupunguza tatizo lenyewe badala ya kulikwepa kila siku, angalia nguo na siti. Poliesta, nailoni na yale majaketi ya manyoya ya plastiki ndo wabaya wakubwa, hasa yakikutana na kava ya siti nayo ya poliesta. Pamba haisumbui sana kama hizo. Viatu vya soli ya ngozi vinaachia chaji ishuke kuliko soli nene za raba. Wengine wakibadilisha kava za siti tu tatizo linaisha, wengine wakibadilisha viatu, kwa hiyo kama shoti zimeanza ghafla jiulize umenunua nini kipya karibuni.

Siti za kitambaa unaweza kuzipulizia ile dawa ya kulainishia nguo, ya maji, changanya kidogo na maji mengi kwenye chupa ya kupulizia, puliza juu juu isilowe, acha ikauke kabisa kabla ya kukaa. Inaacha utando unaovuta unyevu kidogo na chaji haikai. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana isije ikaacha doa, usiweke kwenye siti za ngozi, na mbali na swichi. Inaisha nguvu baada ya muda, utarudia. Losheni mikononi nayo inasaidia kidogo, ngozi kavu sana inazidisha.

Hewa ndo mwamuzi mkubwa lakini huna mamlaka nayo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 40 hivi shoti zinaanza kuwa nyingi, ndo maana zinakuja kwa misimu, baridi kavu au kiangazi chenye upepo mkavu, na kiyoyozi au hita ya gari inakausha zaidi. Wakati wa mvua unaweza kusahau kabisa kama kuna kitu kinaitwa hivyo.

Kuna ule mkanda wa mpira unaoning'inizwa nyuma ya gari uburuze chini. Mimi siupendekezi. Unaondoa chaji ya gari, na tumeshasema mwenye chaji ni wewe, tena matairi mengi yanapitisha umeme kiasi cha kutosha kwa sababu ya kaboni nyeusi iliyomo kwenye mpira, chaji ya gari inashuka yenyewe. Utaufunga na utaendelea kupigwa shoti vilevile.

Haya, sheli. Hapa usichukulie poa. Mvuke wa petroli unahitaji cheche ndogo sana kuwaka, chini ya milijuli 1, na mwili wenye volti elfu 10 unaweza kutoa cheche yenye nguvu mara kadhaa ya hiyo. Kama unajijazia mwenyewe, ukishashuka gusa chuma cha gari mbali na tundu la tenki kabla hujashika nozo. Halafu, na hili ndo watu wanalivunja sana, usirudi kukaa ndani ya gari mafuta yakiwa bado yanaingia. Unarudi kuchukua pochi au kukwepa baridi, unajisugua kwenye siti, unatoka na chaji mpya, unakwenda moja kwa moja kushika nozo pale pale mvuke ulipo. Ukilazimika kurudi, ukitoka gusa chuma kwanza kabla ya kusogelea nozo. Na ikitokea imewaka usichomoe nozo, ukiichomoa unamwaga petroli inayowaka kila mahali, iache hapo hapo, toa watu kwenye gari, kimbia, piga kelele mhudumu azime pampu. Dumu nalo lijaziwe likiwa chini ardhini, sio juu ya gari au kwenye buti lenye zulia, maana likiwa huko chaji yake haina njia ya kushuka.

Wenye magari ya umeme huwa wanaogopa zaidi wakipigwa, wanadhani ni ile betri kubwa. Mfumo ule wa volti nyingi umetengwa na bodi ya gari, na paa moja ukishuka ni umeme tuli, yaani ile chaji ya mwilini mwako, kama wa gari lingine lolote, dawa ni ile ile. Kitu cha kuangalia ni tofauti ya shoti. Umeme tuli unapiga mara moja na ukigusa tena papo hapo hamna kitu. Lakini kama gari liko kwenye chaja na kila ukigusa bodi unasikia msisimko unaoendelea, kama mkono unatetemeka, huo sio umeme tuli. Kata umeme kwenye swichi kubwa bila kugusa gari wala ule waya, watu wakae mbali, na muite fundi umeme aangalie ethi, yaani ule waya wa kushusha umeme ardhini, na ile soketi kabla ya kuchaji tena.