Umeshtakiwa India kwa kesi iliyopitwa na muda? Omba ikataliwe mapema

Kama umefunguliwa kesi ya madai India na ukisoma ile hati ya madai unaona kabisa ugomvi wenyewe ni wa zamani, usikubali kuburuzwa miaka ukisikiliza mashahidi, kuna maombi unayapeleka mwanzoni na kesi inaweza kuishia hapo hapo. Yapo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1908, Amri ya 7 kanuni ya 11(d). Mliozoea pingamizi la awali huku kwetu mtaelewa haraka.

Anza hivi: chukua hati ya mdai na viambatanisho vyake, makaratasi yako weka pembeni. Nasisitiza maana hapa ndipo watu wanaharibu, jaji haangalii utetezi wako wala risiti zako, anasoma alichoandika mdai mwenyewe anakichukulia kama kweli tupu halafu anajiuliza je sheria inairuhusu kesi hii? Mahakama ya Juu ilishalisema hilo kwenye kesi ya Saleem Bhai, Desemba 2002.

Piga mstari kila tarehe unayokutana nayo. Halafu fungua jedwali la Sheria ya Ukomo ya 1963, ile inayosema kila kesi ifunguliwe ndani ya muda gani: kufuta hati ni miaka 3 tangu mdai ajue mambo yanayompa haki ya kuifuta (namba 59), kuomba tamko la haki miaka 3 (namba 58), kudai ardhi kama mwenye mali miaka 12 (namba 65). Angalia sana hapo, kuna anayetaka hati ifutwe ila anaivalisha nguo ya kesi ya ardhi ili apate ile 12.

Mfano mzuri ni kesi ya Dahiben, 2020, ya shamba la Surat, jimbo la Gujarat. Hati ya mauzo ilisajiliwa 2/7/2009, kesi ikafunguliwa 15/12/2014, wauzaji wakidai kwenye rupia 17,402,000 wamelipwa 40,000 tu, na kwamba waligundua mambo November 2014. Sasa jamani, mtu hujalipwa hela yote hiyo unagundua baada ya miaka mitano? Mahakama ikahesabu kutoka kwenye karatasi zao wenyewe, ikaikataa.

Kabla hujafurahi kagua kama mdai ameeleza kwamba alifichwa kwa ulaghai (kifungu cha 17 cha Sheria ya Ukomo), au ulikiri deni kwa maandishi kabla muda haujaisha (18), au alipoteza muda kwa nia njema kwenye mahakama isiyo sahihi (14). Pia toa kipindi cha korona, 15/3/2020 hadi 28/2/2022, hakihesabiwi. Kama lini alijua ni jambo linalohitaji ushahidi, maombi yatagonga mwamba, ndivyo ilivyokuwa kwenye kesi ya Chhotanben 2018. Ila kuomba tu aongezewe muda kwa kifungu cha 5 hawezi, kile ni cha rufaa na maombi, siyo cha kesi mpya.

Kuandika sasa. Weka namba ya kesi, taja aya na ukurasa wa hati yake penye tarehe, taja namba ya jedwali, onyesha hesabu, omba hati yote ikataliwe maana nusu nusu haikubaliki. Ambatanisha kiapo, mpe mdai kopi. Stori yako usiiweke kabisa.

Maombi haya unaweza kuyapeleka hatua yoyote kabla kesi haijaisha na mahakama inatakiwa iyaamue kwanza, lakini usitumie hiyo kuchelewesha utetezi wako, ule una siku 30 tangu upokee samansi, kwa kawaida mwisho 90, tafadhali uandae sambamba.

Ukishinda, uamuzi unahesabika kama hukumu kwa hiyo mdai anaweza kukata rufaa. Ukikataliwa nenda High Court kwa marejeo, yaani iupitie uamuzi wa mahakama ya chini, kifungu cha 115 cha ile sheria ya 1908, na hata hapo ukigonga mwamba hoja ya muda haijafa, kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo kinamlazimisha jaji aiangalie hata kama hakuna aliyeitaja.