Tyubu kuukuu ya Geiger: anza na unyevu

Wenye tyubu za zamani za Geiger (zile za kuhesabu mionzi), hasa SBM-20 za Kisovieti, mnaokaa pwani kama sisi wa Mikindani: kabla hujasema tyubu imekufa, ifute. Hewa ya chumvi huacha utando kwenye ncha zake, na kwa volti 400 umeme unavuja juu kwa juu, kaunta inalia tak-tak-tak bila sababu. Zima kwanza, subiri kidogo, ndipo ushike. Yangu ilipona kwa pamba na spiriti, sasa inalala kwenye chupa yenye mchele mkavu.

Kupima beta (mionzi ya elektroni) je? Sogeza kikombe cha mbolea ya potashi karibu na tyubu, hesabu dakika 10. Kisha kinga katikati kwa vipande vya aluminiamu, unene milimita 3, uhesabu tena muda uleule. Kilichopungua karibu chote ni beta ya potasiamu-40 (potasiamu yenye mionzi iliyomo kwenye mbolea hiyo); gama, mionzi kama eksirei, inapenya. Tofauti ni ndogo, usiharakishe.

Ila ukuta wa SBM-20 ni chuma, beta dhaifu haiingii. Kwa beta hizo dhaifu tafuta tyubu yenye dirisha la ulanga (maika), na dirisha hilo usiliguse hata kwa pamba.