Kutoka faili la mpimaji hadi ardhi ya kiwanja ndani ya Revit

Wakuu, habari za kazi. Leo tunachukua faili la miinuko kutoka kwa mpimaji na kuligeuza kuwa ardhi ndani ya Revit, programu ya kuchorea majengo kwa 3D. Natumia toleo la 2024, ambamo Toposolid, yaani kifaa cha kuunda ardhi, imechukua nafasi ya Toposurface ya zamani. Kubofya ni kazi ya dakika mbili. Kazi yenyewe iko kwenye faili, na huko ndiko nitakakokaa kwa muda mrefu, maana ndiko nilikoumia.

Mfano wetu ni kiwanja cha mteremko Goba, Dar es Salaam, mita 30 kwa 40.

Hatua ya 1: Lisome faili kwanza

Lifungue kwa Notepad, si Revit. Utakuta mistari ya namna hii:

1,9256112.405,517684.230,97.315,GL

Yaani namba ya pointi, kaskazini, mashariki, mwinuko, na alama ya mpimaji. Revit inataka X, Y, Z: mashariki kwanza, halafu kaskazini, halafu mwinuko. Haitakuuliza ipi ni ipi. Kwa Tanzania kuitambua ni rahisi: kusini mwa ikweta, UTM (mfumo wa namba za mahali kwa mita) huipa ikweta namba 10,000,000 na kushuka kadiri unavyokwenda kusini, kwa hiyo ya kaskazini ina tarakimu 7 na huanza na 8 au 9. Ya mashariki ina tarakimu 6.

Kazi yangu ya kwanza ya aina hii sikubadilisha mpangilio. Ardhi ilikuja, ina mteremko mzuri kabisa, sikushuku kitu. Kumbe kiwanja kinachoshuka kuelekea mashariki kilikuwa kinashuka kuelekea kaskazini. Nikapanga shimo la maji taka upande wa kaskazini. Siku ya kupima msingi fundi alisimama pale, akatazama ramani, akatazama ardhi, akaniuliza: "Dada, maji yatapanda vipi?" Tangu siku hiyo sifungui Revit kabla ya kumaliza hatua hii.

Hatua ya 2: Panga na uchambue

Ndani ya Excel futa safu ya namba za pointi, hamisha mashariki mbele ya kaskazini, kisha zichuje pointi kwa alama zake. Zile za usawa wa ardhi zibaki. Zilizopigwa juu ya ukuta wa jirani, juu ya mfuniko wa chemba au kwenye paa ziondoke. Pointi moja tu ya juu ya ukuta itakutengenezea kichuguu cha mita mbili katikati ya kiwanja. Kama huelewi alama, mpigie mpimaji simu. Usikisie.

Hatua ya 3: Punguza namba

Revit haifanyi kazi vizuri kwa vitu vilivyo mbali na kitovu chake cha ndani; Autodesk wenyewe wanashauri visizidi kilomita 16. Namba yetu ya kaskazini ni kilomita 9,256. Kwa hiyo toa 517600 kwenye mashariki na 9256000 kwenye kaskazini. Mstari wetu unabaki hivi:

84.230,112.405,97.315

Mwinuko usiuguse. Hizo namba mbili ulizotoa ziandike kwenye mchoro wenyewe, maana kuna mtu atazihitaji siku ya kuweka vigingi. Baadaye utaurudishia mradi mahali pake halisi kwa amri ya Specify Coordinates at Point.

Futa safu ya alama na mstari wa vichwa, kisha hifadhi kama CSV, yaani faili la maandishi lenye safu zilizotenganishwa kwa koma. Lifungue tena kwa Notepad: kompyuta yenye mipangilio ya nchi zinazotumia koma kwenye desimali hutenganisha safu kwa nukta mkato.

Hatua ya 4: Ingiza

Massing & Site, Toposolid, Create from Import, kisha CSV. Chagua Meters. Ukiacha milimita, kiwanja chako kitakuwa kidogo kuliko kiganja.

Hatua ya 5: Hakiki pointi tatu

Ya juu kabisa, ya chini kabisa, na moja ya bikoni (alama ya mpaka wa kiwanja). Weka Spot Elevation, alama ya Revit inayosoma mwinuko, juu ya kila moja, soma, linganisha na faili la mpimaji. Kisha zunguka na ramani mkononi: barabara iko upande gani, maji yanaelekea wapi. Zikigoma, rudi hatua ya 1.

Jambo moja zaidi. Programu huunganisha pointi kwa pembetatu na haijui kwamba hapa kuna ukingo wa mtaro. Mwambie mpimaji mapema apige pointi juu ya ukingo na chini yake pia, vinginevyo ukingo wima utageuka kuwa mteremko laini.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Arusha: Dada, mteja hataki kulipa mpimaji. Nikichukua miinuko ya bure ya satelaiti je?

Jibu: Kaka, miinuko ya SRTM ilichukuliwa na chombo cha angani Februari 2000, kwa hatua za takriban mita 30. Kiwanja cha 30 kwa 40 kitapata pointi moja au mbili. Itumie kuonyesha umbo la kilima chote kinachokizunguka. Usipige nayo msingi.

Mwanachama, Mombasa: Kiwanja changu Nyali kina miinuko ya -17, na bahari naiona iko chini yangu.

Jibu: Hiyo ni GPS isiyorekebishwa. Inapima kutoka umbo la kimahesabu la dunia, si usawa wa bahari, na pwani yetu tofauti inazidi mita 20. Mpimaji wako aunganishe kazi na alama ya mwinuko ya serikali. Muulize pia kama namba zake za mahali ni za mfumo wa Arc 1960 au WGS84, maana hizo mbili zinapishana karibu mita 300 ardhini.

Mwanachama, Mwanza: Drone imenipa pointi 18,000, kompyuta imekwama.

Jibu: Zipunguze hadi moja kwa kila mita ya mraba, kwa 30 kwa 40 zitabaki kama 1,200. Penye kingo na mitaro ziache nyingi. Na kumbuka drone huona majani marefu kama ardhi.

Mwanachama, Dodoma: Natumia Archicad, si Revit. Amri hii ipo?

Jibu: Ipo, inaitwa Place Mesh from Surveyors Data. Usafi wa faili ni uleule.

Mwanachama, Zanzibar: Kila kitu sawa, ila ghorofa ya chini imebaki karibu mita 90 chini ya ardhi!

Jibu: Level 1 yako, yaani usawa wa sakafu ya chini, bado iko kwenye 0, ardhi iko kwenye mwinuko wake halisi. Usiishushe ardhi. Tafuta pointi ya juu kabisa ndani ya eneo la nyumba, amua sakafu iwe juu yake kwa kiasi gani, kisha ipandishe Level 1 hadi hapo. Kwangu pointi ilikuwa 98.000, nikaongeza sentimita 45, Level 1 ikawa 98.450.